Mzee Aliyepotea Njia Si Mhalifu

Ninyi askari wa jeshi na polisi mlioko zamu, mzee akikutwa usiku nje ya makazi ya Nakivale, hajui kijiji chake wala njia ya kurudia, dhana huja upesi: mlevi, mwizi au mchawi. Yafaa ieleweke kwamba huenda ni mgonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yaliyoelezwa kwanza na daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani mwaka 1906.

Dalili ya mvua ni mawingu. Katika maradhi haya, mawingu huanza kukusanyika ubongoni hata miaka 20 kabla ya usahaulifu kuonekana. Protini iitwayo amiloidi hugandamana nje ya seli; nyingine, tau, hujisokota ndani yake, na seli hufa. Dalili hizo hupimwa katika maji ya uti wa mgongo na sasa katika damu. Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kwa wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari wameanza kusahau.

Je, ni laana ya ukoo? Hasha. Ni familia chache sana zinazorithishana maradhi yenyewe. Mwaka 1993 wataalamu waligundua kuwa aina moja ya jeni iitwayo APOE huongeza hatari. Lakini wengi walio nayo hawaugui, na wengi wasio nayo huugua. Tena, uchunguzi wa Ibadan, Nigeria, ulionyesha kuwa miongoni mwa Wayoruba uhusiano huo ni dhaifu kuliko kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo mtoto wa mgonjwa asinyoshewe kidole. Shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na majeraha ya kichwa pia huongeza hatari, na hayo yaweza kuzuiliwa. Askari apandaye pikipiki bila kofia ngumu na alikumbuke hilo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara walichapisha uchunguzi kuhusu jinsi wahudumu wa afya vijijini wanavyoutambua ugonjwa huu. Lakini mara nyingi anayekutana na mgonjwa kwanza ni askari, si daktari.

Basi, afande, umkutapo mzee wa namna hiyo, awe mwenyeji wa Isingiro au mkimbizi kutoka Kongo, Burundi au Somalia, sema naye polepole. Usimfunge pingu. Uliza majirani, umfikishe kwa jamaa zake. Iwapo amechanganyikiwa ghafla, mpeleke kituo cha afya, kwani huenda ni malaria au maradhi mengine yenye tiba. Kumlinda raia ni pamoja na kumlinda asiyeweza tena kujieleza.