Stafeli: Tamu Ndiyo, Lakini ni Dawa?

Unalijua stafeli? Kama umekulia Unguja au Pemba utacheka kuulizwa. Ni lile tunda la kijani lenye miba laini, ndani nyama nyeupe yenye utamu na uchachu kidogo. Juisi yake ikiletwa wakati wa kufuturu, nani atakataa?

Tunda lenyewe lina faida. Gramu 100 za nyama yake zina takriban miligramu 20 za vitamini C, pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo.

Lakini mstafeli haukuanzia kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na leo umeenea katika visiwa vingi duniani. Na huko wanakijiji hawaishii kwenye tunda tu.

Majani na mbegu

Katika visiwa vya Karibea, wazee huchemsha majani ya mstafeli wakanywa kama chai ili kutuliza mwili na kupata usingizi. Mbegu nazo husagwa zikapakwa kichwani kuua chawa.

Hebu tuishie hapo kidogo. Kitu kinachoua chawa kina nini ndani yake? Sumu, bwana! Unga wa mbegu hizo ukiingia machoni unaweza kuliumiza jicho vibaya. Na mbegu zisisagwe pamoja na juisi. Zitoe kwanza.

Kisa cha Guadeloupe

Guadeloupe ni visiwa vya Karibea vilivyo chini ya Ufaransa. Huko madaktari waliona wagonjwa wengi wasio wa kawaida: viungo vimekakamaa, mwendo mzito, wanaanguka ovyo. Ulifanana na ugonjwa wa Parkinson, ila dawa zake za kawaida hazikuwasaidia sana. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba ugonjwa huo ulihusiana na kutumia sana matunda na chai ya majani ya mstafeli na miti ya jamii yake.

Baadaye kemikali iitwayo anonasini, inayopatikana katika mti huu, ilijaribiwa kwa panya wa maabara. Iliharibu seli za ubongo wao. Je, hii inathibitisha kwamba ndiyo iliyowaumiza wale watu? Hapana, bado. Lakini ni sababu tosha ya kuwa mwangalifu.

Na saratani je?

Umewahi kupokea ujumbe kwenye simu kwamba ati majani ya stafeli yanaponya saratani? Maabara, kemikali za mti huu zimeua seli za saratani ndani ya vyombo. Lakini chombo cha maabara si mwili wa binadamu. Hakuna ushahidi kwamba majani hayo yamemponya mtu saratani. Mgonjwa anayeacha hospitali kwa ajili ya chai anaupa ugonjwa nafasi ya kuenea.

Sasa ufanyeje?

Tuseme una homa, na bibi ameshainjika sufuria ya majani. Usimdharau. Anakupenda, na dawa nyingi za hospitali zilitokana na mimea. Tatizo ni kipimo: sufuria haikuambii umekunywa sumu kiasi gani. Tena homa inaweza kuwa malaria, na malaria haingoji. Mwambie kwa adabu, "Bibi, nisindikize kwanza kituo cha afya nikapimwe." Hapo umemheshimu, na umejilinda.

Kumbuka:
- Kula stafeli kwa kiasi, ukibadilisha na matunda mengine.
- Usile mbegu, wala usizipake kichwani.
- Usifanye chai ya majani kuwa kinywaji cha kila siku. Mama mjamzito na anayetumia dawa za presha au kisukari amwulize daktari kwanza.
- Ukiwa na homa, kapime siku hiyo hiyo.

Kitu kuwa cha asili hakumaanishi kwamba ni salama. Hata sumu ya nyoka ni ya asili!