Picha za Jangwa Zina Wenyewe

Anayelipenda jangwa hana budi kuzitazama picha za Wilfred Thesiger, na akishazitazama hana budi kubishana naye. Mwingereza huyu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1910, wakati baba yake akiiwakilisha Uingereza nchini Habasha, na alifariki mwaka 2003 baada ya kuishi kwa miaka mingi Maralal, kaskazini mwa Kenya. Katikati ya maisha hayo alivuka mara mbili Rub al-Khali, bahari ya mchanga yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650,000, ambayo leo imegawanyika baina ya Saudi Arabia, Oman, Yemen na Falme za Kiarabu. Hakuwa Mzungu wa kwanza kuivuka. Bertram Thomas alimtangulia mwaka 1931, na St John Philby akafuata mwaka 1932. Lakini picha za Thesiger ndizo zilizobaki machoni mwa watu, na siamini kwamba sababu yake ilikuwa kamera.

Kamera yenyewe ilikuwa Leica ndogo aliyoinunua mwaka 1934, ya filamu nyeusi na nyeupe, na aliibeba ndani ya mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiingie. Aliyewahi kupiga picha penye mchanga anajua thamani ya mfuko huo. Vumbi la jangwa ni laini kama unga. Hujipenyeza kwenye mduara wa lenzi, na ukiuzungusha unasikia mkwaruzo unaokata maini. Hata leo, pamoja na kamera zetu zilizozibwa kila upande, ushauri wa kwanza ni uleule: usibadilishe lenzi upepo ukivuma, na ukilazimika, ingia ndani ya gari au ujifunike shuka.

Baada ya vumbi, tatizo ni mwanga. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni jua la jangwani hufuta kila kitu. Tuta la mchanga lililokuwa na mgongo mkali alfajiri huwa bonge lisilo na umbo ifikapo saa sita, kwa sababu vivuli ndivyo vilivyokuwa vimelichonga, na vivuli vimekwisha. Ndiyo maana picha nyingi nzuri za matuta hupigwa saa moja baada ya jua kuchomoza au saa moja kabla halijazama, mpigaji akiwa amesimama ubavuni mwa mwanga. Kwenye tambarare za chumvi kuna mtego mwingine. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na tambarare iliyokuwa ikikuumiza macho hutoka kwenye picha kama saruji. Inabidi uongeze mwanga kwa makusudi, hatua moja au moja na nusu, hata kama kamera yako inakukataza.

Mambo haya yote yanafundishika kwa siku chache, na wengi tumeyajua. Hata hivyo picha nyingi zinazotoka Chalbi, jangwa lililo kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, zinafanana mno: udongo mweupe uliopasuka vipande vipande, anga kubwa, labda ngamia mmoja mbali kwenye upeo wa macho. Zinavutia, nazipenda, na bado naona zimekosa kitu ambacho Thesiger alikipata bila kujifunza upigaji picha darasani popote.

Alikipata kwa miguu. Safari zake za Arabuni ziligharimiwa na idara ya Waingereza iliyokuwa ikipambana na nzige, na kazi yake ilikuwa kutafuta mahali wanapozaliana. Mwishoni mwa mwaka 1946 aliondoka Salalah, kusini mwa Oman, pamoja na Wabedui wa Bait Kathir, wakaungana njiani na wenzao wa kabila la Rashid, akaelekea kaskazini. Maji yalikuwa kama nusu lita kwa mtu kwa siku, na yalitoka kwenye viriba vya ngozi yakiwa machungu. Mbele yao palisimama matuta ya Uruq al-Shaiba, mengine yakifikia karibu mita 200 kwenda juu. Ngamia aliyechoka hawezi kupanda ukuta wa namna hiyo. Njia aliitafuta Muhammad al-Auf, kiongozi wao, aliyetangulia peke yake kukagua mchanga. Alijua upande gani umeshikana kwa upepo na unaweza kubeba mnyama, na upande gani ni laini na utamzamisha hadi magotini. Thesiger aliyeandika haya hakuficha kwamba alitazama matuta yale na kuona hayapitiki. Al-Auf aliona njia.

Tofauti hiyo ya macho ndiyo ninayoitafuta katika kila picha ya jangwa. Mgeni anaona umbo na rangi. Mwenyeji anaona upepo wa jana umetoka wapi, nani amepita, mnyama wake ana mimba au hana, na maji yako umbali gani. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1959 Thesiger anawaeleza Wabedui waliotazama nyayo na kinyesi cha ngamia wakataja waliopita ni kabila gani, wangapi, na wametoka wapi. Baada ya miaka kadhaa kati ya watu hao hata picha zake zilibadilika. Mchanga mtupu haukumtosha tena. Anapiga mkono unaofunga tandiko, kijana anayeinama kisimani, uso uliokaushwa na njaa lakini umetulia. Tuta limebaki nyuma yao, katika ukubwa wake halisi, kwa sababu sasa kuna mtu wa kulipimia.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu kwenye visima vya upande wa Maikona, ukingoni mwa Chalbi. Wafugaji wa Kigabra walikuwa wakinywesha ngamia. Vijana wamesimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo kwa mdundo wa wimbo, na maji yanamwagwa kwenye hori la udongo. Makundi mengine yanasubiri zamu yao mbali kidogo, wala hakuna mnyama anayeruhusiwa kusogea kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimeshughulika na vumbi lililonaswa na jua la jioni. Mzee mmoja akaniomba aone nilichopiga. Nikamwonyesha picha niliyoipenda kuliko zote: ngamia wanne kwenye mstari, giza tupu mbele ya vumbi la dhahabu. Akaisogeza karibu na uso.

“Kijana, huyu wa tatu anachechemea,” akasema. “Alikuwa upande gani?”

Nikamwonyesha kwa kidole. Akamwita mtoto mmoja kwa jina, akamtuma aende kumtazama mguu. Kisha akanirudishia kamera, akanieleza huyo wa nyuma ni wa nani, kwa kuutazama tu mkao wa shingo na alama iliyochomwa shavuni, ambayo mimi sikuwa nimeiona hata baada ya kuikuza picha.

Tangu siku hiyo picha ile naitazama kwa namna nyingine, na sijaacha kuipenda. Vumbi la dhahabu bado lipo, na juu yake sasa ipo kazi ya watu, ugonjwa wa mnyama na mali ya mtu fulani.

Hapa ndipo ninapobishana na Thesiger. Aliwapenda watu wa jangwa, hilo halina shaka. Majina ya wenzake tunayajua kwa sababu aliyaandika: Salim bin Kabina, Salim bin Ghabaisha, al-Auf. Wao nao walimpa jina, Mubarak bin London, wakamlinda kwa desturi ya kwao inayomfanya mwenzako wa safari kuwa amana shingoni mwako. Bila ulinzi huo asingepita. Oman ya ndani wakati ule ilikuwa chini ya Imamu wa Nizwa, ambaye hakuwataka Wakristo katika ardhi yake, na wasomaji wetu wenye ndugu Muscat na Nizwa watakumbuka habari za wazee wao kuhusu nchi iliyokuwa imejifunga hivyo. Mwishoni mwa safari ya pili, mwaka 1948, Thesiger alifika Abu Dhabi, mji mdogo wa pwani wakati huo, kisha akaenda kumtembelea Sheikh Zayed, ndugu wa mtawala wa Abu Dhabi, huko Buraimi, akakaa naye na kuwinda kwa vipanga.

Lakini mapenzi yake yalikuwa na sharti. Alitaka jangwa libaki na kiu. Gari kwake lilikuwa adui, na mafuta yalikuwa mwisho wa watu aliowaenzi. Aliporudi Oman na Abu Dhabi mwaka 1977 akawakuta wenzake wa zamani wana magari, alihuzunika, akaandika kwa uchungu kwamba ulimwengu aliouthamini umekufa. Naelewa huzuni hiyo. Sikubali hukumu yake. Bin Kabina alipokuwa na njaa hakuwa na njaa kwa ajili ya kupendeza kwenye picha. Thesiger aliichagua njaa, na angeweza kuiacha siku yoyote akapanda meli kwenda London. Wenzake walizaliwa nayo. Mtu akipata lori la kubebea maji, mtoto wake akapona kwa sababu hospitali iko karibu, anayelalamika kwamba mandhari imeharibika anajipenda mwenyewe kuliko anavyolipenda jangwa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu naona upigaji picha wetu wa kaskazini ukielekea huko. Barabara ya lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale. Karibu na Loiyangalani, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Mashuka ya plastiki na mapipa ya bluu yamo katika kila kambi ya wafugaji. Wapigaji picha wengi huvikwepa vitu hivi, au huvifuta kwa kompyuta wakirudi nyumbani, ili jangwa lionekane kama halijaguswa. Pipa la bluu ni maji. Mama aliyelibeba juu ya punda kwa saa kadhaa ana haki ya kuonekana nalo.

Thesiger mwenyewe alilegeza msimamo uzeeni. Mwaka 1990 alialikwa Abu Dhabi kwa maonyesho ya picha zake, akayakubali mabadiliko aliyoyalaani. Leo, katika ngome ya Al Jahili mjini Al Ain, kuna maonyesho ya kudumu ya safari zake, na picha za mchanga na za watu wa mchanga zimetundikwa katika nchi zilikopigwa. Wajukuu wanaweza kwenda kumtafuta babu yao ukutani.

Mkusanyiko wake mkubwa, negativu zaidi ya 38,000, umo katika makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Ndani yake zimo picha nyingi za Kenya: Wasamburu, Waturkana, na nchi kavu inayoshuka hadi ziwani. Ningependa kuona sehemu ya picha hizo ikipewa chumba cha kudumu Maralal, ambako tayari Makumbusho ya Taifa yanaitunza nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961. Nyingine zipelekwe Loiyangalani na Marsabit, katika shule na kumbi za umma, ambako bado wako wazee wanaoweza kusimama mbele ya uso na kutaja jina lake.

Nawe unayepanga kwenda Chalbi na kamera, nenda. Omba ruhusa kabla ya kuinua lenzi, na anayekataa mwache. Andika jina la mtu na la kisima. Ukifika mjini, zichapishe picha kwenye karatasi, kisha mpe dereva wa lori linalorudi kule azipeleke kwa wenyewe.