Kila Mtutu na Risasi Yake

Bunduki ya Martini-Henry ilipokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, na vitabu huipa tundu la inchi 0.450, sawa na milimita 11.43. Mtutu wa ile niliyo nayo mimi, ukipimwa kwenye vina vya mifuo yake, una milimita 11.80. Tofauti hiyo haifiki hata nusu milimita, lakini ndiyo inayoamua kama risasi itagonga shabaha au itapotelea kwenye tuta la udongo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijaza upya risasi za bunduki za kale, huku Uingereza ninakoishi, kwa kibali cha polisi, na kuzipiga katika uwanja wa Bisley, makao ya walenga shabaha tangu 1890. Kazi hii imenithibitishia jambo moja: nambari ya kitabuni ni jina la bunduki. Kipimo chake kimo ndani yake yenyewe.

Msomaji wa kwetu analijua gobole. Mtutu wake ni laini ndani, na gololi hushindiliwa kutoka mdomoni, kwa hiyo sharti iwe nyembamba kuliko tundu. Baruti ikiwaka, nguvu nyingi huvujia pembeni, na gololi hutoka ikigonga ukuta huku na huku. Dawa ya tatizo hilo ni mifuo, yaani mikato inayojipinda ndani ya mtutu toka nyuma hadi mbele. Mifuo hukiuma kichwa cha risasi na kukizungusha, nacho huruka kimenyooka. Lakini haiwezi kuuma kitu kinachopwaya.

Mafundi wa karne ya 19 walihangaika sana na jambo hili. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa kichwa chenye uwazi kitakoni: chembamba wakati wa kushindiliwa, kisha kikatanuliwa na nguvu ya baruti hadi kujaa mtutu. Waingereza walipotengeneza Enfield ya 1853 yenye tundu la inchi 0.577, walianza na kichwa cha 0.568. Masizi ya baruti yalipojaa mtutuni kikawa hakishuki, wakakipunguza hadi 0.550.

Martini hulishwa kwa nyuma, lakini fikra ni ileile. Kichwa chake kilikuwa na gramu 31, madini ya risasi sehemu 12 kwa sehemu moja ya bati. Kilikuwa chembamba kuliko mifuo, kikazungushiwa karatasi, na nyuma yake gramu 5.5 za baruti nyeusi. Baruti ile hupiga kishindo cha ghafla. Kichwa laini hubonyea, hutanuka na kujaza mifuo. Wajerumani nao walifuata njia hiyo katika Mauser ya 1871: kichwa cha gramu 25, karatasi, gramu 5 za baruti. Mimi ni mtu wa Tanga, na bunduki hizo za Mauser ndizo walizobeba askari wengi wa Wajerumani walipopigana pale Novemba 1914. Silaha zenyewe zilikuwa zimeshapitwa na wakati: kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Ndiyo maana nikizishika bunduki hizi nazishika kwa heshima. Zimebeba habari za watu wa kwetu.

Basi unapimaje? Kwanza mtutu. Unaupaka mafuta, unachukua kipande cha madini ya risasi matupu, laini, kinene kidogo kuliko tundu, unakigonga kwa nyundo ya mti na kukisukuma taratibu hadi kitokee upande wa pili. Kinatoka kimechorwa alama zote za ndani. Mauser ile ina mifuo minne, kwa hiyo mfuo hutazamana na mfuo na maikromita husoma bila taabu. Martini ina saba. Kila mfuo umetazamana na tuta, yaani sehemu iliyoinuka kati ya mifuo, na taya mbili za maikromita haziwezi kugusa vina viwili kwa pamoja. Hapo nakizungushia kipande ukanda mwembamba wa chuma wenye unene ninaoujua, napima, kisha natoa unene wa ukanda mara mbili.

Pili ni chemba, mahali risasi nzima inapokaa kabla ya kulipuka. Hapa wengi hupita haraka, na ndipo penye hatari. Mimi hutumia aloi ya Cerrosafe, inayoyeyuka kwa joto lisilofika hata la maji yanayochemka. Naimimina, naitoa ikishaganda, nasubiri saa moja irudi kwenye ukubwa halisi wa chemba, kisha napima shingo.

Sasa tupige hesabu. Mifuo ni 11.80, na kichwa kizuri cha kumimina huzidi mifuo kidogo, tuseme 11.85. Shingo ya ganda la shaba ina unene wa 0.35 kila upande. Jumla ni 12.55. Kama shingo ya chemba ni 12.65, imebaki nafasi ya 0.10, na ganda litatanuka na kukiachia kichwa. Kama chemba ni 12.50, risasi haiingii. Na ikilazimishwa kuingia ni mbaya zaidi: shingo haina pa kutanukia, kichwa kimebanwa, na shinikizo linapanda katika chuma chenye umri wa zaidi ya miaka mia.

Mtutu ukidai kinene na chemba ikidai chembamba, chemba ndiyo inayosikilizwa. Unaweza kupunguza unene wa shingo ya ganda. Unaweza pia kutumia kichwa chembamba cha madini laini zaidi, hata sehemu 20 au 30 kwa moja ya bati, ukakiachia kishindo cha baruti nyeusi kazi ya kukitanua. Au unarudi kwenye karatasi ya wazee. Baruti ya kisasa isiyo na moshi siitii kabisa katika bunduki hizi, na ndani ya ganda siachi nafasi tupu kati ya baruti na kichwa.

Mpwa wangu aliyeko Tanga huniuliza, "Mjomba, kwa nini usinunue zilizo tayari?" Namjibu kwamba muuzaji hajawahi kuitazama chemba yangu. Hata bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja hupishana, na karne nzima ya kutu na kusuguliwa imezitenganisha zaidi. Kila mlango na ufunguo wake. Ndiyo maana mwenye Martini akiniomba vipimo vyangu, simpi. Nampa kipande cha madini laini ya risasi na maikromita, kisha nakaa naye mpaka apate vyake.