Mkono Unyooke, Kiwiko Kisikazwe

Anayejifunza gofu huambiwa mapema kwamba mkono wa mbele unyooke. Kwa anayetumia mkono wa kulia, huo ni wa kushoto, ulio upande mpira unakoelekea. Ushauri huu una sababu. Mkono ukibaki umenyooka fimbo inapopanda, umbali kutoka begani hadi kiganjani haubadiliki sana, nayo fimbo hurudi pale pale ulipo mpira. Kiwiko kikipinda ovyo, mara tunachimba udongo, mara tunapiga hewa.

Lakini wengi wetu tunadhani kunyoosha ni kukaza. Tunashika fimbo kama jembe kwenye ardhi ngumu, tunakaza kiwiko hadi mwisho, na misuli hukakamaa kuanzia vidoleni hadi shingoni. Fimbo ikigonga ardhi, mshtuko hufika kwenye kano zilizojishikiza upande wa nje wa kiwiko. Tukirudia hivyo mara nyingi, maumivu huanza: kwanza wakati wa kupiga, baadaye hata katika kukamua nguo au kuinua kikombe cha chai. Ajabu ni kwamba maumivu hayo huitwa kiwiko cha tenisi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huo! Yale ya upande wa ndani ndiyo yaliyopewa jina la gofu.

Alikuwepo mchezaji mmoja ambaye hakuweza kabisa kuufuata ushauri huo. Calvin Peete wa Marekani alianguka kutoka mtini utotoni, akavunjika kiwiko cha kushoto, na mkono haukunyooka tena. Alianza gofu akiwa na miaka 23. Hata hivyo alishinda mashindano 12 ya PGA Tour, na kwa miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990, aliwaongoza wenzake kwa usahihi wa mpigo wa kwanza. Sisi tunaona kilichomfaa ni kwamba mkono wake ulipinda kwa kiasi kile kile kila mara.

Basi nyosha mkono kadiri unavyokubali wenyewe, kiwiko kikiwa kimelegea kidogo. Ukitaka fimbo ipande zaidi, geuza mabega, usivute mkono. Mwenye baridi yabisi, au aliyewahi kuvunjika, asijilazimishe. Kiwiko kikiuma, pumzika, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hivi, na usirudi uwanjani kwa kumeza vidonge vya kutuliza maumivu. Kikivimba, vidole vikifa ganzi, au maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa, nenda zahanati.