Kurudi kwa Mawakili Uliowakatalia

Kijana ameapishwa uwakili, na ofisi moja ya mawakili Mtwara mjini imempa barua ya ajira. Anaikataa; Dar es Salaam imemwita. Baadaye kodi ya nyumba inamwelemea, au mzazi anaumwa Mikindani, naye anataka kurudi kwa wale wale. Huwa anauliza kama ile barua bado ina nguvu.

Haina. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ofa iliyokataliwa imekufa, na aliyeikataa hawezi kuifufua peke yake. Wanafunzi wa sheria hufundishwa hili kwa kesi ya Hyde na Wrench ya Uingereza, 1840. Mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akageuka: haya, nachukua kwa 1,000. Mahakama ikaona hakuna mkataba, kwani ile 950 ilikwisha kuiua ofa ya kwanza. Kwa hiyo hata aliyejibu barua ya ajira kwa kushikilia mshahara mkubwa zaidi ajihesabu amekataa. Kuuliza tu kama kuna nafasi ya kuongezewa ni jambo jingine.

Anayerudi, basi, analeta ombi jipya, na ofisi haidaiwi kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humlinda hata mwombaji kazi asibaguliwe kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu. Kinyongo cha “ulitukataa” hakimo. Wakikunyima kwa hicho, meza mate.

Mambo huwa mazito zaidi kwa aliyesaini mkataba kisha asionekane kazini. Huyo hakukataa ofa, amevunja mkataba, wakati sheria hiyo hiyo inatambua notisi ya siku saba tu ndani ya mwezi wa kwanza. Aombe radhi kwanza, kazi baadaye.

Mtwara mawakili wanajuana. Wanakutana Mahakama Kuu leo na kesho, na habari ya nani alimkatalia nani haihitaji kutangazwa. Ndiyo maana barua inayojifanya ngeni huchekesha. Sema mapema, kwa sentensi mbili: “Mwaka 2023 mlinipa nafasi nikaikataa ili nijifunze kesi za kodi Dar es Salaam. Sasa nimezisimamia mwenyewe, na ninaomba kufanya kazi hiyo kwenu.” Sababu za kifamilia zitaje ukiulizwa. Ofisi inataka kujua utawafaa nini, na huku kazi ipo: gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 na kupelekwa Dar kwa bomba tangu 2015, ina mikataba na fidia za ardhi zake, korosho nazo, msimu wa minada ukifika, huja na migogoro ya vyama vya ushirika (AMCOS) na maghala.

Hapo hapo ndipo penye mtego ambao waombaji wengi hawaufikirii. Tuseme ulipokuwa Dar ulishika jalada la kampuni inayozozana na wanakijiji wa Msimbati, na wanakijiji hao ndio wateja wa ofisi unayoiomba. Siri za mteja wako wa zamani zinabaki siri hata baada ya kazi kwisha. Sheria ya Ushahidi iko wazi. Taja majina ya pande mbili, useme ulihusika, uishie hapo. Ofisi itaamua kama inaweza kukuchukua na kukuweka mbali na jalada hilo. Ukilificha likaja kuibuka mahakamani, utawaharibia wao na kujiharibia mwenyewe.

Wakikupa barua mpya, usiisome kwa kumbukumbu ya ile ya kwanza. Sheria ya 2004 inataka mwajiri aandike kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa, malipo na mahali pa kazi. Hapo kwenye mahali pa kazi tulia: ofisi yenye tawi Dar es Salaam inaweza kukurudisha huko huko.