"Siipendi sana" yangu ilivyoninyima kazi

Hebu nikuulize. Mtu akikuambia "sijaipenda sana hiyo kofia yako", unaelewa nini? Ameipenda kidogo, ama ameichukia ila anakuonea haya?

Usijibu haraka. Swali kama hilo lilinigharimu mteja.

Niko Kanja, huku Embu, na tangu niache chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, riziki yangu ni kuandikia watu mtandaoni. Kulikuwa na mteja mmoja wa Uingereza, analipa vizuri na kwa wakati. Siku moja akanitumia nembo mbili za duka lake akitaka maoni. Kichwani nikawa na "hii ya pili siipendi sana", maneno ya adabu kabisa. Vidole vikaandika: "I really don't like the second one."

Kumbe hiyo ya pili alikuwa ameichora mwenyewe. Kimya. Wiki hiyo hakuna kazi, iliyofuata pia hakuna.

Kosa liko wapi? Sarufi iko sawa, hata mwalimu angetia tiki. Shida ni pale "really" ilipokaa. Ningeandika "I don't really like", ningekuwa nimesema haijanivutia sana, basi. Hapo unakataa kiasi tu: hupendi *sana*. Lakini ukiihamisha "really" ikae mbele ya "don't", inatia nguvu kule kukataa kwenyewe. Siipendi, na nataka ujue siipendi. Neno limesonga hatua moja, na mtu ashatukanwa.

Kiswahili hakijatuzoesha mchezo huo. Ukanushaji wetu umeshikana na kitenzi, ile "si" ya "sipendi", na huwezi kupenyeza kielezi hapo katikati. Hata "kwa kweli", iweke mwanzo ama mwisho, ukali ni uleule. Tukitaka kupunguza makali tunabadilisha neno lenyewe: kutoka "kabisa" tunashuka hadi "sana". Na hiyo "sana" nayo ina nyuso mbili. Shosho wangu akisema "sipendi sana chai ya rangi", lazima usikilize sauti. Akiivuta ikawa "saaana", usimwekee kikombe. Kwenye meseji sauti hiyo haipo, na ndiyo maana watu wanagombana WhatsApp bure.

Lakini usidhani sisi hatujui kupoza maneno. Nenda sokoni uambie muuza viatu, "Mathe, bei imenishinda kidogo." Unashindwaje kidogo? Ni umeshindwa ama una pesa! Hiyo "kidogo" haipimi bei, inamkinga mathe asione umedharau mali yake. Naye anaelewa. Anapunguza 50, ama anageukia mteja mwingine bila kununa.

Halafu kuna "ja", na hii ndiyo naipenda zaidi. "Sipendi" imefunga mlango. "Sijapenda" imeuacha wazi kidogo: bado, labda kesho. Ndiyo maana kuna mabro wameambiwa "sijakupenda hivyo" na miezi sita baadaye bado wanatuma kredo.

Kama nawe unafanya hizi kazi za mtandaoni, chunga pia "quite". Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good", mara nyingi anamaanisha inapita tu. Mmarekani akisema hivyohivyo, amekusifu. Kwa hivyo kabla hujaagiza nyama, angalia mteja anatoka wapi. Na barua ikianza na "I'm not particularly happy", mimi huacha chakula mezani nikafungue faili. Mtu hajakasirika "si hasa". Amekasirika, ni vile amefunzwa kutopiga kelele.

Juzi nilijikaza nikamwandikia yule wa nembo. Nikamweleza kwamba nilitafsiri vibaya kutoka kichwani, kwamba kwetu neno hilo halihamihami hivyo. Alijibu siku hiyohiyo, mstari mmoja: "Don't worry, I wasn't really offended."

Nikaisoma mara tatu. "Really" imekaa baada ya "not". Kwa hesabu zangu, basi, aliudhika kiasi.

Kazi hajanirudishia. Hajanirudishia, sijasema hatanirudishia.