Shaba Katika Udongo wa Mibuni ya Zamani

Alifika ofisini kwetu mkulima mmoja aliyepata kipande katika shamba la zamani la kahawa karibu na Nyeri. Alikuwa ameng'oa mibuni na kupanda maharagwe, nayo yakadumaa na kuwa manjano, ingawa mvua ilinyesha vizuri. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, rangi ya hudhurungi. Jirani alisema ni uchawi. Sisi tulishuku mrututu.

Tangu siku za walowezi mibuni imenyunyiziwa dawa za shaba kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Mvua huiosha dawa ile mpaka chini, lakini haiipeleki mbali. Shaba hushikwa na udongo wa juu ikakaa humo miaka mingi.

Mmea huihitaji shaba, ila kidogo mno. Wataalamu wanaokuza seli za mimea katika chupa, kazi ile ile itoayo miche ya migomba tunayopanda siku hizi, wanalijua sana jambo hili. Seli ni vijumba visivyoonekana kwa macho, ambavyo mmea umejengwa navyo kama nyumba kwa matofali. Mwaka 1962 Murashige na Skoog wa Marekani walitangaza chakula cha chupa kinachotumika hata leo: kila lita ina chumvi ya kalsiamu miligramu 440, lakini mrututu miligramu 0.025 tu! Shaba ikizidi, ngozi za seli huvuja na seli huacha kugawanyika.

Kalsiamu, ambayo sisi huipata katika chokaa, huimarisha kuta za seli, na kwenye ncha ya mzizi hushindania nafasi na metali hizo zisiingie nyingi. Tena chokaa hupunguza asidi. Udongo wetu mwekundu wa Mlima Kenya mara nyingi una asidi, nayo ndiyo huifungua shaba pamoja na manganizi. Mbolea ya DAP huizidisha.

Shaba haing'oleki kwa jembe. Twaweza kuifunga tu, kwa samadi iliyooza na chokaa itiwayo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Usitie chokaa siku moja na mbolea ya chumvichumvi, naitrojeni itapotea hewani. Shamba la chai usilitie kabisa, chai hupenda asidi. Na aliye na kahawa ya Batian, iliyotolewa mwaka 2010, asinyunyizie shaba kwa mazoea tu, kwani mbegu hiyo huyahimili magonjwa yale mawili.

Kipimo cha chokaa usikikisie, maana ikizidi huinyima mimea zinki na chuma. Chota udongo mahali kumi, uuchanganye katika ndoo ya plastiki (si ya bati), utie nusu kilo mfukoni, uupeleke maabara, kama ile ya KALRO Kabete, na uombe wapime asidi na shaba pia.